Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za ada na ukaguzi wa hesabu namwachia mhazini, atawasomea baada yangu. Mimi nina jambo moja: fedha tunazotoa kwa ajili ya waandishi tunaowapenda, ni kiasi gani huwafikia?

Wengi wetu tulidhani kununua kitabu kunatosha. Kununua ni vizuri, lakini mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, kwa kitabu cha karatasi mara nyingi ni asilimia 5 hadi 15 tu. Kinachobaki hugawanwa na mchapishaji, msambazaji na muuza vitabu. Na mwandishi aliyekwisha kuchukua malipo ya awali hapati kitu kingine mpaka mrabaha uyafidie. Kitabu cha mtumba hakimpi hata senti. Si dhambi kukinunua, ila tusijisifu kwamba tumemchangia mtu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tutilie mkazo kulipia vitabu kabla havijachapwa. Utaratibu huu ni wa zamani: mshairi Mwingereza Alexander Pope alipotafsiri Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, iliyotoka kati ya 1715 na 1720, wasomaji walianza kuilipia kabla haijafika mtamboni. Mwaka 2022 mwandishi wa riwaya Mmarekani, Brandon Sanderson, alikusanya zaidi ya dola milioni 41 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi. Huyo ni wa peke yake, msimpime kila mwandishi kwa kipimo chake.

La pili ni mchango wa kila mwezi, kama ule unaopitia Patreon, tovuti ya kuwachangia wasanii na waandishi, tangu 2013. Zawadi kubwa ya mara moja hupigiwa makofi zaidi, lakini kodi ya nyumba hudaiwa kila mwezi, na mwandishi mwenye uhakika wa kidogo huweza kukataa kibarua kinachomla muda wa kuandika.

Kuhusu maktaba, Denmark tangu 1946, na Uingereza kwa sheria ya 1979, waandishi hulipwa vitabu vyao vinapoazimwa. Pasipo na mpango huo, tuiombe maktaba inunue nakala.

Mfadhili mmoja alitaka fedha yake impe haki ya kupitia mswada wa kitabu. Tulimkatalia kwa adabu, na tutamkatalia tena.

Mwisho, kuna wenzetu wanaosambaziana nakala za wizi za vitabu vya waandishi walewale tunaowachangia. Waache kufanya hivyo.

Naomba mkutano uridhie sehemu ya ada zetu iende kwenye michango ya kila mwezi. Kiwango kijadiliwe sasa, kisha tupige kura.