Tukipewa salfa, tupewe na chokaa

Ndugu Mhariri,

Huku Newala msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, hata mgeni anajua. Alfajiri umande haujakauka, mashine zinaunguruma kila upande, vumbi la njano linapanda juu ya miti, na jioni hata ugali unanuka salfa. Sina ugomvi na salfa. Bila hiyo ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua, na Oktoba hatuna cha kupeleka ghalani. Ninachotaka kukisemea ni kile kinachobaki chini ya mti.

Mwaka huu mke wangu aling'oa karanga alizopanda katikati ya mikorosho. Shina moja lilikuwa na maganda tisa. Akayaminya moja moja kwa kidole gumba, saba yakapasuka hayana kitu ndani. Jirani akasema neno letu la siku zote: shamba limechoka. Lakini uani kwetu, ambako hatujawahi kupuliza, mbegu ile ile kwa mvua ile ile ilijaza vizuri.

Kijana mmoja anayesomea kilimo alipita na kipimo chake akatupimia. Uani akapata pH, yaani kipimo cha uchachu, 5.9, chini ya mikorosho 4.6. Nikaona tofauti ndogo. Akanifahamisha kwamba kila namba moja ikishuka uchachu unaongezeka mara 10, kwa hiyo udongo wa shambani umechacha karibu mara 20 kuliko wa uani. Nilinyamaza.

Salfa ikianguka chini, vijidudu vya udongo huigeuza kuwa asidi, ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Mvua nayo huondoka na kalsiamu. Udongo ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyojificha humo inaanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi ya mbolea uliyonunua kwa bei ya kuumiza inafungwa, mmea hauipati. Karanga huumia zaidi kwa sababu ganda lenyewe, likiwa ardhini, ndilo linalonyonya kalsiamu ya kujaza punje. Mkorosho unavumilia, muhogo unavumilia, ndiyo maana miaka yote hiyo hatukushtuka. Na si jambo jipya: watafiti waliochunguza mashamba ya korosho ya kusini miaka ya 1990 walikwishaonyesha kwamba salfa inachachusha udongo.

Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi, inahitaji kama kilo 3 za chokaa ya kilimo kuituliza. Mimi nina mikorosho 60 na kwa msimu namaliza mifuko 3 ya kilo 25. Hizo ni kilo 75, zinazodai kilo 225 za chokaa. (Nyingine upepo unampelekea jirani, lakini na yake inakuja kwangu.) Kwa miaka 20 nimemwaga tani moja na nusu ya salfa. Chokaa sijawahi kurudisha hata kopo moja.

Nilipoamua kurudisha, sikuipata. Duka moja la pembejeo liliniuzia mfuko wenye unga mweupe nikarudi nao kwa furaha. Kumbe ni chokaa ya kupaka nyumba. Mwanangu aliimwaga kwa mkono mtupu, viganja vikachubuka. Ile imechomwa, ni kali. Ya shambani ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa. Ukidondoshea ndimu inachemka povu. Ajabu ni kwamba mawe hayo tunayo. Kiwanda cha saruji hapa hapa Mtwara kinayachimba, na mababu wa Kilwa walijenga misikiti kwa chokaa. Nisieleweke kwamba nataka watu wakachome matumbawe. Hayo yaachwe baharini kwa samaki.

Ombi langu kwa wanaopanga ruzuku ya pembejeo: lori linaloleta salfa kwenye chama cha msingi cha ushirika lilete na chokaa ya kilimo, na udongo upimwe kwanza kabla ya kugawa. Kipimo ni lazima. Udongo wetu wa kichanga hauhitaji chokaa nyingi kama mfinyanzi, na ukizidisha unafukuza zinki na madini mengine madogo, ukawa umetibu homa kwa kuleta upele. Maafisa ugani watufundishe pia wakati wake: imwagwe mapema kabla ya mvua za Desemba, ichanganywe kwa jembe kina cha sentimita 15 hadi 20, na isikutanishwe siku moja na urea, maana naitrojeni itapotelea hewani. Tena isitegemewe kujibu mwaka huo huo. Jiwe lililosagwa huyeyuka polepole.

Mimi nimeagiza mifuko minne kwa mtu anayetoka mbali, na nauli imezidi bei ya chokaa yenyewe. Nitaitia nusu ya shamba, nusu niiache kama ilivyo, karanga zipandwe kote. Mke wangu amesema safari hii ataminya maganda mbele ya yule jirani.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara