Mwimbaji akirithi jina, ameiba nini?

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wa mtaa wa Area C aliyekasirishwa na bendi iliyopiga kwenye harusi moja hapa Dodoma. Anasema jina ni la bendi ya zamani lakini jukwaani hakumwona hata mwimbaji mmoja wa enzi zile. Ameuita utapeli, akaongeza kuwa jina lilitakiwa kuzikwa na wenyewe. Naomba nafasi nimjibu, maana vijana aliowaona niliwavalisha mimi.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo. Nilianza kuzishonea bendi sare kabla serikali haijahamia huku, wakati ukumbi ulikuwa unajaa mwisho wa mwezi tu. Koti la mwimbaji mkuu wa bendi hiyo nililishona kwa satini ya zambarau, na puleki kwenye kola. Alipofariki, kiongozi wa bendi akaniletea koti lile lile nilipunguze mabega limkae kijana anayeshika nafasi. Nilifumua bitana, nikakata, nikarudishia. Mjane wa marehemu ndiye aliyelitoa kabatini kwa hiari yake, tena akaja mwenyewe hadi mezani kwangu kuhakikisha siharibu puleki. Kwa hiyo neno utapeli limenikera.

Mteja wangu mmoja, mpiga gitaa wa siku nyingi, aliwahi kunionyesha picha kwenye simu, akitaka suti nyeusi ya ngozi ya bandia kama ya mwimbaji Mwingereza aitwaye Alvin Stardust. Ngozi ya bandia, kwa jua la Dodoma la Oktoba! Nilimshonea hata hivyo, pesa ni pesa. Ila glovu nilimwambia akanunue. Kila kidole kina vipande vyembamba vya pembeni ambavyo ukivikosea kidogo tu, mkono haufungi. Jioni nilimtafuta huyo Mwingereza YouTube nione suti inavyokaa mgongoni, na ndipo nilipoijua habari yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanamuziki wa glam rock kule Uingereza walipanda jukwaani na viatu vya soli nene, vitambaa vya kung'aa, wanaume na wanja machoni. Huyu alikuja na nyeusi tupu, nywele zimetiwa rangi nyeusi na kusimamishwa juu, glovu nyeusi, na pete kubwa imevaliwa juu ya glovu. Kwa jicho la fundi, alipatia. Kwenye kundi la watu wanaometameta, aliyevaa nyeusi ndiye anayeonekana.

Jina lake halisi lilikuwa Bernard Jewry. Alizaliwa London mwaka 1942 na kukulia mji wa Mansfield. Sasa namwomba msomaji wa Area C asome hapa taratibu. Kabla ya kuwa Alvin Stardust aliitwa Shane Fenton, na jina hilo pia halikuwa lake. Lilikuwa jina la jukwaani la kijana Johnny Theakston, aliyekuwa na bendi yake, The Fentones. Walituma kanda BBC kuomba kusikilizwa, na Johnny akafariki kabla mambo hayajakaa sawa. BBC walipojibu kwamba waje, wenzake walikuwa tayari kuvunja bendi. Mama mzazi wa Johnny ndiye aliyewaomba waendelee, na waendelee kwa jina lile lile la mwanawe. Bernard, aliyekuwa mtu wao wa karibu, akalichukua. Mwaka 1962 wimbo wao mmoja ulifika nafasi ya 19 kwenye chati za Uingereza. Mama aliyempoteza mtoto anaomba jina lisife. Nani amwambie kwamba huo ni utapeli?

Jina la pili lilikuja kwa njia ya kibiashara zaidi, na hapa nakiri msomaji wa Area C angepata pa kushika. Mwaka 1973 mtunzi Peter Shelley, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya Magnet, alitunga na kuimba mwenyewe "My Coo Ca Choo" akitumia jina la kubuni, Alvin Stardust. Wimbo ukaanza kukubalika, na yeye hakutaka maisha ya jukwaani. Akatafutwa mtu wa kulivaa jina. Wakampata Bernard, ambaye umri ulishapita miaka thelathini na nyota yake ya kwanza ilikuwa imezimika. Wimbo ulifika nafasi ya pili, na sauti iliyokuwa kwenye santuri ni ya Shelley. Bernard alikuwa na uso na glovu tu.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1974 "Jealous Mind" ukashika namba moja, na hiyo ilikuwa sauti yake. Glam ilipopitwa na wakati, wengi walimsahau. Mwaka 1981 akarudi na "Pretend" hadi nafasi ya nne, na mwaka 1984 akaingia tena kumi bora. Akaigiza kwenye majukwaa ya tamthilia, akaonekana kwenye televisheni. Serikali yao ilimtumia hata kwenye tangazo la kuwafundisha watoto kuvuka barabara, akiwa na nguo zake nyeusi, akiwakaripia wasioangalia kushoto na kulia. (Angetufaa sana barabara ya Sita, bodaboda zinapojaa.) Alifariki Oktoba 2014 akiwa na miaka 72, na albamu yake ya mwisho ilikuwa bado njiani. Majina mawili ya watu wengine, na zaidi ya nusu karne ya kazi yake mwenyewe.

Tusiende mbali. Bendi ya NUTA Jazz ya 1964 imeitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mwimbaji wake TX Moshi William hayupo, mwenzake Mzee Muhidin Gurumo alifariki Aprili mwaka ule ule wa 2014, na bendi bado inapiga. Hapa kwetu Ugogoni, mwanamuziki wa ngoma za asili Mzee Hukwe Zawose wa Doduma alifariki 2003, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa albamu kwa jina la The Zawose Queens, kwa kampuni ile ile ya Real World ya Uingereza iliyotoa kazi za mzee. Zamani kina mama wa ukoo huo waliimba nyuma ya wanaume. Jina limepata waimbaji wapya na limekwenda mbele zaidi.

Kinachoniuma mimi ni kingine, na nashangaa msomaji wa Area C hakukigusa. Vijana wale waliimba usiku kucha nyimbo zilizotungwa na marehemu. Aliyefunga harusi alilipa, mwenye ukumbi alilipwa, mimi nililipwa kwa kupunguza mabega. Familia ya mtunzi ilipata nini? Jina la bendi linaweza kusajiliwa BRELA, wanaosajili majina ya biashara, nyimbo zinaweza kusajiliwa COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kiongozi wa bendi anapomwambia kijana "shika nafasi ya mzee", amwonyeshe kwa maandishi jina ni la nani, nyimbo ni za nani, na kila mmoja anapata kiasi gani zinapopigwa. Bendi ninazozifahamu hapa mjini huyamaliza haya kwa mdomo, nyuma ya spika, wakati vyombo vinapakiwa kwenye Noah.

Siku nyingine akiiona bendi ile, msomaji wa Area C amfuate kiongozi wake amuulize hilo. Kijana wa koti la zambarau amwache aimbe, sauti anayo.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma