7K kwenye DX ya mzee

Mambo vipi chalii yangu,

Umenisumbua sana na lile swali lako la kutoa injini ya 4K kwenye KE70 yako, hiyo Corolla DX, uweke kubwa zaidi kama mimi nilivyofanya kwenye ya mzee, sasa leo nimekaa nakuandikia yote maana kwenye simu vocha inaisha hata sijafika kwenye mambo ya waya.

Kwanza achana na habari za 4A-GE, ile injini ya Toyota ya spidi. Najua unaiota toka tuko sekondari, ila zile bei waachie watu wa rali. Tafuta 7K-E, ile ya vibasi vya Toyota, Townace na Liteace. Ni ukoo uleule wa K, yani 4K iliyokula ikashiba, yako ina cc 1290 hii ina 1781, bado inatumia cheni ya taimingi sio mkanda, na giaboksi yako inafunga palepale bila kuchonga kitu. Tofauti kubwa ni nozeli za kupulizia mafuta badala ya kabureta, na huko ndo nilikolia.

Kuifunga chuma chenyewe kwenye DX ya mzee siku mbili tu. Kwenye Townace injini inalazwa ubavu chini ya siti, kwenye DX inasimama, kwahiyo sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagoma kukaa tukaikata na kuichomelea upya, maunti za kushikia injini pia tukatengeneza. Rejeta weka pana. Basi.

Kasheshe ni mafuta. Kabureta inaridhika na presha ndogo ya pampu ya zamani, nozeli zinataka kama bar 3 na mafuta yanayobaki lazima yarudi kwenye tenki, ina maana unahitaji pampu ya presha na paipu ya pili ya kurudisha. Mimi nikajifanya mjanja nikavuta moja kwa moja toka tenki la zamani, ambalo ndani halina vizuizi, mafuta yanacheza tu kama maji kwenye beseni. Mjini poa. Siku naenda Karatu, pale Mto wa Mbu unapoanza kupanda, mafuta yako robo, kila kona gari inakata pumzi kwasababu pampu inavuta hewa! Nimepanda ule mlima lori la saruji linanipigia honi nyuma, aibu tupu. Saiv nimeweka kitenki kidogo cha lita moja na nusu kwenye buti, pampu ndogo ya umeme inakijaza, ile ya presha inavuta humo, na yanayorudi yanarudi humohumo, yakizidi ndo yanarudi tenki kubwa. Haijakata tena.

Halafu waya. Aliyeniuzia injini aliapa kila kitu kipo, nafika nyumbani nafungua gunia nakuta waya zimekatwa jirani kabisa na kontrol boksi, ile kompyuta ya injini. Usitoe hela kabla hujaziona zimetoka nzima na boksi lake. Fundi umeme wangu akaziunga kwa kubahatisha, gari ikawaka, tukashangilia, tukala mishkaki. Kesho yake asubuhi na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, haiwaki. Inakohoa inazima mpaka saa nne jua likitoka. Wiki tatu hivyo, nimebadili plagi, nimeosha nozeli, majirani wameshazoea kunisukuma.

Mwisho akaja dogo mmoja akauliza taa ya injini iko wapi, na kweli dashbodi ya DX haina hiyo taa. Akafunga balbu ndogo, akachukua kawaya akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, akawasha swichi. Balbu ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili tena. Yani kodi 22. Sensa ya joto la maji. Waya wake haukuunganishwa kabisa, na boksi likikosa ile sensa linachukulia injini ishapata moto, kwahiyo asubuhi linanyima mafuta. Dakika kumi kazi imeisha na mimi nimemaliza wiki tatu, we acha tu.

Kwahiyo ile taa ifunge siku ya kwanza, na kadi ya gari kabadilishe namba ya injini mapema kabla hujakutana na trafiki mwenye njaa.

Mzee alipokuja kuiona hakusema kitu, alizunguka akaingia akavuta choki, ile ya kabureta ya kuwashia asubuhi, kama alivyozoea miaka yote, akapiga stata ikawaka hapohapo. Nikamwambia baba hiyo choki haijaunganishwa na kitu sikuhizi. Akaniangalia, akasema si unaona imewaka? Mpaka leo kila asubuhi anaivuta.

Nitumie picha ya chini ya tenki lako nione pa kutolea ile paipu.

Ni mimi chalii wako wa Arusha.