Barua ya wazi: Wazee wa vita vya Kagera wapatiwe akupancha hapa hapa Tabora

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya mkoani kwetu,

Kwa heshima na taadhima, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu tatu hazijajibiwa. Wiki iliyopita mzee aliyepigana vita vya 1978–79 aliambiwa dirishani aende Dar es Salaam akatafute "hizo sindano za Kichina", yaani akupancha, tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini ili kupunguza maumivu. Mgongo unaomuuma ndio huo huo akaubebe usiku kucha ndani ya treni! Mheshimiwa, uliwaahidi wazee hawa kwamba huduma italetwa Tabora. Hawajasahau.

Huenda unaambiwa ni jambo kubwa. Ni chumba kimoja chenye viti kumi, siku moja kwa wiki. Akupancha ya masikioni inatumia sindano tano kila sikio, fupi, nyembamba kama unywele, za kutumika mara moja tu. Boksi la sindano 100 linatosha wazee kumi. Sikio linapanguswa kwa pamba yenye spiriti na kuachwa likauke, maana spiriti mbichi ndiyo inayowasha sindano ikiingia. Mzee anakaa kimya dakika 30 hadi 45. Wakati wa kuzitoa zinahesabiwa: zimeingia kumi, zitoke kumi, ziende moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile sanduku gumu la kutupia sindano zilizotumika. Isiyohesabiwa itaokotwa na mguu wa mfagiaji, na homa ya ini huanzia hapo.

Mgongo na magoti yanataka sindano ndefu zaidi, mara moja kwa wiki, wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kama inamfaa. Hapo ndipo anapohitajika aliyefunzwa kweli, kwa sababu sindano ikizama mno penye bega inaweza kutoboa pafu. Mzee asichomwe akiwa na njaa, atazimia. Aulizwe kwanza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na ambaye miguu imekufa ganzi ghafla au ameanza kushindwa kuzuia haja, huyo si wa sindano, ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Akupancha haitoi kipande cha bomu mwilini. Inawapunguzia baadhi ya watu maumivu ya miaka mingi, na hilo si dogo kwa mzee anayemeza diklofenaki kila siku huku tumbo na figo vikiharibika. Marekani inawapa maveterani wake tiba hii. Sisi tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na madaktari wa China wamekuwa wakija Tanzania Bara tangu 1968. Tunashuku kikwazo ni bima, kwamba hakuna fungu la kulipia. Kama ndivyo, tuambiwe.

Wauguzi wawili wafunzwe, na chumba kifunguliwe. Wazee wa Urambo na Sikonge watafika wenyewe. Hata kama ni Alhamisi moja tu kwa wiki, Mheshimiwa, tupe hicho chumba.

Wahudumu wa tiba ya maumivu,
Tabora