Risala ya Klabu ya Khati ya Kichina kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Shikamooni.

Tunakushukuru sana, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu leo tarehe 20 Aprili, Siku ya Lugha ya Kichina katika kalenda ya Umoja wa Mataifa. Tunajua risala huanza na historia ya klabu na idadi ya wanachama. Tunaomba ruhusa yako tuanze na mtawa mmoja wa Kibudha aliyeishi miaka 1,400 hivi iliyopita, kwa sababu bila yeye pengine tungekuwa tumeshaacha khati, sanaa hii ya kuandika herufi kwa brashi.

Aliitwa Zhiyong. Alikuwa mzawa wa kizazi cha saba wa Wang Xizhi, ambaye Wachina humheshimu kuliko waandishi wote wa khati. Mwaka 353 Wang Xizhi aliketi na wageni wake kando ya kijito pale Lanting, karibu na Shaoxing, wakanywa na kutunga mashairi. Yeye akaandika dibaji ya mashairi hayo: herufi 324 katika mistari 28. Herufi "zhi" imejirudia humo mara 20 hivi, na kila mara ameiandika kwa umbo jingine. Karatasi yenyewe ilipotea zamani, na leo dunia inasoma nakala tu.

Mheshimiwa, fikiria kuzaliwa katika ukoo huo halafu ushike brashi. Zhiyong hakutafuta njia ya mkato. Inasimuliwa kwamba alipanda ghorofani katika hekalu la Yongxin, akaishi huko miaka 30 akiandika. Alichokuwa akiandika ni kilekile kila mara: Maandishi ya Herufi Elfu, matini yenye herufi 1,000, kila moja ikitumika mara moja tu, ambayo watoto wa China walijifunzia kusoma kwa karne nyingi. Akainakili, akainakili tena, hadi zikatimia nakala 800 nzuri, kisha akazigawa kwa mahekalu ya mashariki ya Zhejiang, moja kila hekalu.

Tulipiga hesabu ubaoni. Nakala 800 za herufi 1,000 ni herufi 800,000. Nakala yake iliyohifadhiwa Japani ina mitindo miwili sambamba, ule uliotulia na ule wa mbio, yaani kila herufi ameiandika mara mbili. Kama zote zilikuwa hivyo, zinafika herufi 1,600,000. Ukigawa kwa miaka 30, ni karibu herufi 146 kila siku bila kupumzika hata sikukuu, na hapo hatujahesabu zile alizozitupa. Darasa lilinyamaza kimya.

Herufi moja si jambo dogo. Brashi ni ya manyoya ya mbuzi, sungura au kicheche, yamefungwa kwenye mpini wa mwanzi. Wino ni kijiti cha masizi na gundi, unakisugua juu ya jiwe lenye maji mpaka mkono uchoke, na kuandika hujaanza. Karatasi inakunywa wino papo hapo. Ukisita, doa. Ukirudia mstari ili uurekebishe, kila mtu anaona umeurudia. Kilichobaki kwenye karatasi ni jinsi mkono na pumzi yako vilivyokuwa dakika ile.

Brashi zilipoisha makali alivitupa vichwa vyake kwenye vikapu vikubwa, na inasemekana vikapu vitano vilijaa. Baadaye akavizika, akakiita kilima kile kaburi la brashi. Na watu walikuja kuomba maandishi yake kwa wingi hata kizingiti cha mlango wake kikalika kwa nyayo, ikabidi kifunikwe kwa bati la chuma.

Wapo wataalamu waliosema alimfuata mno babu yake na hakuongeza kitu. Sisi hatukubaliani nao. Dibaji ile ya Lanting ilipotea, lakini mkono wa ukoo ule ulifika mahekalu 800. Mwaka 1109 Herufi Elfu za Zhiyong zilichongwa kwenye jiwe, na jiwe hilo lipo hadi leo Xi'an.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina wanachama 23 na brashi sita. Tunafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji ya baraza, kwa brashi na maji, kama wazee wanavyofanya asubuhi kwenye bustani za China. Jua la saa nane linafuta mstari wa kwanza kabla hatujamaliza wa tatu. Tulijaribu pia majani ya mgomba, kwa kuwa tulisoma kuwa Huaisu, mtawa mwingine aliyeishi karne ya 8, alikosa karatasi akapanda migomba ili aandikie majani yake. Wino uliteleza, lakini jani bichi linakufundisha kutokukandamiza brashi.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba tunapoteza muda kwa kuchorachora. Iliuma, na bado inauma. Tunaanza na herufi moja, "yong", maana yake milele, kwa sababu ndani yake mna mipigo minane ya msingi ya brashi. Ndiyo herufi ya kwanza ya dibaji ya Lanting. Ndiyo pia nusu ya jina la Zhiyong. Tangu Januari kila mmoja wetu ameiandika zaidi ya mara 1,000, na mipigo ya mwezi huu si ya Januari.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, brashi 20, vijiti vya wino na mawe manne ya kusagia. Pili, baraza liachwe kwetu Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi.

Brashi moja imeshaloweshwa, Mheshimiwa, na sakafu imefagiliwa. Tunakuomba ushuke jukwaani uandike "yong" moja pamoja nasi kabla jua halijafika pale.

Tunaomba kuwasilisha.