Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi: Tunataka Kuziona Fomu za Vituo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima inayostahili ofisi yako. Nimekwisha kukuandikia kwa utaratibu wa kawaida, kupitia kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo letu, wala sikupata hata mstari mmoja wa kuniambia kwamba barua imefika. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Jambo langu ni moja. Fomu ya matokeo ya kila kituo ibandikwe mlangoni pa kituo usiku ule ule wa kuhesabu, kila wakala apewe nakala yake, na picha ya fomu iwekwe wazi kwa wananchi wote kabla hujamtangaza mshindi.

Katika uchaguzi mdogo uliopita nilikuwa wakala wa mgombea. Sitamtaja, maana hata ningekuwa wakala wa mpinzani wake ningelalamika vile vile. Kwanza nitende haki: kura zilihesabiwa vizuri. Msimamizi wa kituo alisoma namba za lakiri kwa sauti, akamwaga kura mezani, kisha akawa anainua karatasi moja moja na kuigeuza huku na huku ili kila wakala aione alama. Karatasi moja ilikuwa na dole gumba lililokanyaga mstari kati ya wagombea wawili. Tuliijadili kwa utulivu, tukakubaliana iingie kwenye zilizoharibika. Tulikuwa hoi kwa uchovu, lakini hakuna aliyempandishia mwenzake sauti.

Tulipofika hatua ya kujaza fomu na kutia saini, simu ya msimamizi ikaita. Akatoka nje. Aliporudi hakutaka kututazama usoni. Alisema fomu zitajazwa kwenye kituo cha kujumlishia kura, nakala tutazipata huko huko, na mlangoni hakibandikwi kitu. Nilimuuliza anafuata kifungu gani cha sheria. Jibu langu likawa askari, aliyenishika mkono na kunitoa nje. Tulipofika kwenye majumuisho tukaambiwa mawakala wa vituo hawaruhusiwi kuingia. Kesho yake ikatangazwa jumla ya jimbo zima, basi.

Ninalo daftari nililoandikia hesabu za kituo changu. Nimlinganishie nani? Sidai kwamba kura ziliibwa, kwa sababu sina namna ya kujua, na kunyimwa huko kujua ndiko kunakoniuma kuliko hata kushindwa. Aliyeshindwa kwa haki huenda nyumbani akalala. Sisi tumeachwa na minong'ono.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulisimama mbele ya wadau baada ya uchaguzi mkuu ukatuahidi kwamba hakuna kituo kitakachofungwa bila fomu kubandikwa. Nilikuwamo ukumbini. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga kwa moyo wote. Ahadi ile haikuhitaji mitambo wala wataalamu kutoka ng'ambo. Ilihitaji karatasi, gundi, na msimamizi anayejua kwamba bosi wake atamlinda akifuata sheria.

Simu ile ilitoka kwa nani? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Huenda fomu zilipungua mtu akaona aibu kusema. Huenda kuna mkubwa aliyeogopa makosa ya kujumlisha yasije yakaonekana. Huenda ni agizo la juu zaidi, ambalo hata wewe hukuliona. Namba iliyopiga ipo, na msimamizi yupo. Uliza, utajibiwa upesi kuliko nitakavyojibiwa mimi.

Najua hoja inayotolewa kila tukiomba: kuweka fomu hadharani kutaleta fujo. Tazama Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8, na namna matokeo yalivyopelekwa kutoka vituoni ilikuwa kiini cha kesi. Mwaka 2022 tume yao ikaweka kwenye tovuti fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu akaweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukukosekana, na hata makamishna wanne walijitenga na matokeo. Lakini kesi ilipofika mahakamani zilikuwapo karatasi za kulinganisha, na mahakama ikaamua. Malawi nako, uchaguzi wa rais wa 2019 ulifutwa Februari 2020 baada ya mahakama kuona pamoja na mengine fomu zilizopakwa dawa ya kufutia wino. Majaji waliweza kuona kwa sababu fomu zilikuwa mbele yao. Mimi ningewapelekea nini? Daftari langu?

Msaidizi wako mmoja aliniambia nilete kwanza ushahidi wa wizi. Nchini Austria, Julai 2016, Mahakama ya Katiba ilifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais ingawa haikuthibitishwa kwamba kura ziligeuzwa. Bahasha za kura za posta zilifunguliwa kabla ya wakati na bila watu waliotakiwa kuwapo, na tofauti ya wagombea ilikuwa kura 30,863 tu. Utaratibu ulivunjwa, uchaguzi ukarudiwa. Kwetu anayeuliza utaratibu ndiye anayegeuzwa mtuhumiwa.

Maana tangu nilipopeleka malalamiko naitwa mchochezi. Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniuliza kama ajira imenichosha. Jamaa niliokuwa nikikaa nao jioni sasa wananisalimia kwa mbali, na mama yangu ananisihi niachane na mambo haya. Kosa langu ni kuomba karatasi ambayo nilipaswa kupewa mkononi nikiwa bado kituoni.

Sasa uchaguzi mkuu unakaribia, na nasikia semina za wasimamizi zimeanza. Waambie huko huko kwenye semina, kwa maandishi yenye saini yako: fomu ijazwe kituoni, mawakala watie saini, nakala zitolewe, moja ibandikwe mlangoni. Mengine tunayoyadai, ya daftari la wapiga kura, ya muda wa kampeni kwenye redio, ya waangalizi, tutaendelea kuyasukuma taratibu. Hili haliwezi kungoja.

Naomba pia fomu ya kituo changu. Kama ipo, itoe watu waione. Kama haipo, tuambie ile jumla iliyotangazwa ilitokana na nini. Nijibu hadharani, Mheshimiwa, kama nilivyokuandikia hadharani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala wa kituo