Msimlazimishe aliyekataliwa kusamehe kwa kikao kimoja

Mhariri,

Wasomaji wanaoandika kwenye ukurasa wa ushauri kwamba walitelekezwa na mama au baba wakiwa wadogo hupewa karibu kila mara jibu moja: samehe, mzazi ni mzazi, itisheni kikao cha familia yaishe. Huku kwetu Tabora vikao vya namna hiyo huitishwa baada ya malipo ya tumbaku, watoto waliotawanyika wanaporudi na kuna pesa ya mbuzi. Sisi tunaofanya unasihi tunaomba nafasi tueleze kwa nini vikao hivyo huvunjika, na hadithi inayotusaidia kulieleza jambo hili ni ya Wagiriki wa kale. Hatumwambii mtu aabudu miungu yao. Ni hadithi tu, ila walioitunga walimjua mtoto aliyekataliwa.

Hephaestus, mungu wao wa uhunzi, alizaliwa na mguu mbovu. Mama yake, Hera, akaona aibu, akamtupa kutoka mlima Olympus. Kwa mujibu wa Homer, mshairi wao wa kale, aliokolewa na Thetis na Eurynome, miungu wa kike wa baharini, wakamficha pangoni miaka 9, na humo akawa anafua vikuku, mikufu na vifungo vya nguo. Masimulizi mengine yanaendelea kwamba baadaye alimtumia mama yake zawadi ya kiti cha dhahabu. Hera alipokikalia kikamnasa, hakuweza kuinuka. Ares, mungu wa vita, akaenda kumleta mhunzi kwa mabavu, akashindwa. Ndipo Dionysus, mungu wa mvinyo, alipomlainisha kwa kinywaji, akampandisha punda wakarudi pamoja, na Hera akafunguliwa. Safari hiyo imechorwa kwenye chombo cha udongo cha takriban mwaka 570 kabla ya Kristo, ambacho kimehifadhiwa Florence, Italia.

Kiti kile tunacho hapa hapa. Kijana aliyeachwa kwa bibi akiwa na miaka mitatu anafanikiwa, anamjengea mama yake nyumba ya bati na madirisha ya vioo. Majirani wanasifu. Lakini mama haruhusiwi kupangisha chumba wala kupigilia msumari ukutani bila kupiga simu kuomba ruhusa, pesa ya matumizi huja ikiwa na maneno ya kumkumbusha, na kijana mwenyewe hajawahi kulala katika nyumba ile hata usiku mmoja. Ukoo ukiona hivyo unasema amesamehe. Hajasamehe, amemfunga.

Sasa, kosa la kikao cha ukoo ni kwamba kinaanza na Ares. Wazee kumi na wawili wamekaa, mtu anaamriwa apige magoti, neno la kwanza ni "mama hana mbadala", na asiyekubali anaambiwa ana laana. Hadithi ina mpangilio mwingine kabisa: kwanza kupokelewa, tena kwa miaka, kisha kazi ya mikono, kisha hasira kujitokeza, na mapatano yanakuja mwisho kabisa.

Kupokelewa ndiko kwenye uzito. Mary Ainsworth, mtafiti wa malezi, aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955 akitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Aliona jinsi mtoto mwenye uhakika na mlezi wake anavyothubutu kwenda mbali kidogo kuchezea vitu kisha akarudi kumgusa mama na kuondoka tena. Kwa mtoto aliyekataliwa, uhakika huo hujengwa na mtu mmoja asiyebadilika, awe bibi, shangazi au mama mdogo. Asizungushwe nyumba tatu kwa mwaka. Mama akisema atakuja Jumapili, mtoto asiambiwe mpaka mama awe amepanda basi, maana ahadi iliyovunjika inamtupa upya. Na msidanganywe na utulivu: anayeficha ugali chini ya godoro, asiyelia akiumia, mtiifu kuliko wenzake wote, ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

Pia aambiwe ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake. Wagiriki hao hao wanasimulia juu ya Oedipus, aliyetobolewa vifundo vya miguu akatupwa mlimani, akalelewa Korintho bila kuambiwa. Aliyemtobolea siri ni mlevi karamuni. Huku kwetu mlevi huyo hupatikana msibani, na mtoto anayedhani bibi ndiye mama yake hugundua mbele ya watu.

Kwa mtu mzima, kazi ya pangoni inaweza kuwa kuandika. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1986 utafiti wa njia hii, na namna ya kuifanya haijabadilika sana: dakika 15 hadi 20, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililokuumiza na ulivyojisikia, bila kujali tahajia. Daftari si barua, mama halioni, ukitaka lichane. Zoezi hili huharibika pale mtu anaporudia lawama ile ile neno kwa neno siku zote nne. Wanaofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao, kadiri siku zinavyokwenda, yanaanza kuwa na "kwa sababu" na "sasa naelewa". Kujisikia vibaya kwa saa chache baada ya kuandika ni kawaida. Ukizidiwa katikati, acha, andika jambo jingine. Mwenye mawazo ya kujiua, au aliyekosa usingizi kwa wiki nzima, asianze na daftari, aende hospitali. Watoto wadogo wapewe udongo wa kufinyanga au karatasi za kuchora, na asiwepo mtu wa kuwauliza maana ya kila walichochora.

Mvinyo wa Dionysus msiuchukue kama ulivyo. Wanzuki na gongo vimewabeba wengi waliokataliwa, na havijawarudisha nyumbani. Cha kuchukua ni kwamba aliyefanikiwa ni rafiki aliyekwenda polepole bila kuamuru.

Kikao kikifika, kiwe cha watu wanne au watano, na mmoja awe yule anayeaminiwa na aliyeumia. Kifanyike mahali pasipo kwa mama wala kwa mtoto. Saa moja inatosha. Mzazi aeleze kilichotokea: nani aliamua, mwaka gani, alijua nini. "Maisha yalikuwa magumu" peke yake haitoshi. Msamaha usiombwe siku hiyo, na aliyeumia akitaka kuondoka aachwe aondoke. Kikao cha pili kinaweza kuja baada ya miezi.

Wala msimwoze ili atulie. Katika masimulizi mengine Hephaestus alipewa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, awe mke wake kama malipo ya kumfungua mama yake, na mke huyo akaishia kwa Ares, yule yule wa mabavu. Binti wa watu si fidia ya kosa la mama mkwe.

Mguu wake haukupona. Katika Homer bado anachechemea, miungu inamcheka akiwamiminia kinywaji, lakini ana karakana yake, anamtuliza mama yake anapogombana na mumewe Zeus, mfalme wa miungu, na Thetis anapokuja kuomba silaha za mwanawe, Hephaestus anakumbuka nani alimpokea.

Wenye shida hii Tabora waanze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yao au hospitali ya mkoa, Kitete. Mtoto aliyetelekezwa au anayepigwa ana haki chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo. Nanyi, mhariri, anapoandika msomaji mwingine aliyeachwa na mama yake, mwulizeni kwanza nani alimlea.

Washauri nasaha,
Tabora